Mashine ya Nazi Niliyoighairi

Nyie mliobaki pale kaunta ya vifurushi mmeniomba niwaandikie niliyoyaona, na Anjela kaniletea daftari jipya na kalamu mbili, kama vile mimi ni mtu wa kumaliza kalamu. Haya. Nimeandika mwenyewe kwa mkono. Mjukuu wangu Shamila kapiga chapa na kunisahihishia herufi kubwa, maana mimi niliishia darasa la nne, na herufi kubwa nilikuwa naziweka nikizikumbuka. Yeye yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa pili, na hajawahi kurudia mtihani hata mmoja. Hilo halihusiani na vifurushi, ila nisipolisema hapa nitalisema wapi.

Habari za vyeo msizitafute humu. Nilipanda mara moja tu, kwenye ngazi ya kufikia rafu ya juu, na nikashuka kwa mgongo.

Nilianza kama mfagiaji. Kampuni yetu ya mabasi ilikuwa na chumba kimoja cha mabati pale stendi ya Mtwara. Basi likitoka Dar linashusha mizigo jioni, asubuhi inapangwa na kutolewa kwa wenyewe. Mwenye chumba alikuwa Mzee Nandonde, Mmakonde wa Newala, mfupi, kofia yake haimtoki kichwani hata akiinama. Siku yangu ya kwanza nilifagia mpaka chini ya meza. Akarudi kutoka kunywa chai, akasimama mlangoni.

"Wewe mama, umekihamisha kiroba hiki?"

"Nimekisogeza nifagie, mzee."

"Kirudishe. Humu kitu hakisogei bila kuandikwa, hata kwa ufagio."

Nikasema moyoni, huyu kichwa hakijakaa sawa. Wiki haikuisha nikamwelewa, maana alikuja mtu wa Tandahimba akidai kiroba chake cha korosho kimepungua, akapiga kelele mpaka wapiga debe wakanyamaza kumsikiliza. Mzee Nandonde akamwonyesha kiroba kilipokaa, kamba ilivyofungwa, na uzito ulioandikwa. Yule bwana akapima tena, akaomba maji ya kunywa.

Alipoona sikimbii, akaanza kunifundisha. Nilijifunza tarakimu zangu juu ya maboksi, kwa marker pen ya kichwa kinene. Nikikosea saba ananiambia, "Hiyo ni moja imeumwa kiuno, andika tena." Kamba akitaka ya katani, ile ya nailoni akiisema inateleza kama ndimi za watu. Mizani ilikuwa ya kuning'iniza. Na kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa pua. Ming'oko, viazi vyetu vya porini ambavyo watu wa Kusini hutumiana wakiwa mbali, nilikuwa navijua kwa harufu ya udongo kabla kiroba hakijashuka kwenye bega la mbebaji. Pweza mkavu wa Mikindani hata nyie mnamjua, hahitaji pua.

Ila kilichokuwa kikubwa kwa Mzee Nandonde ni daftari. Mnalijua lilivyo mpaka leo: jina, namba, maelezo ya mzigo, halafu safu mbili za mwisho, Aliyetoa na Aliyepokea. Akasema, mkono unaotoa usipokee. Kama mzigo ni wako wewe mtunza stoo, hata uwe soksi za mama yako, toka nje ya kaunta, simama na watu, mwenzako akupe. Kama mwenzako hayupo, msubiri.

Nilimwona kwa macho yangu. Miwani yake ilitumwa na mwanawe kutoka Dar. Mimi nilikuwa sokoni. Nilivyorudi nikamkuta amesimama juani upande wa wateja, yuko peke yake, chumba kiko wazi, funguo anazo mkononi.

"Mzee, si ungeichukua tu?"

"Nitajuaje kama ni yangu? Siwezi kusoma bila miwani."

Akacheka peke yake. Nikampa, akatia saini, akaivaa, akasoma jina lake kwenye bahasha taratibu kama anasoma la mtu mwingine. Basi ndivyo nilivyofundishwa, na alipoacha kazi ndivyo nilivyofundisha wengine, pamoja na wewe Anjela, ulipokuja kutoka Bukoba na Kiswahili chako cha taarifa ya habari, unamwambia mbeba mizigo "naomba ushirikiano wako". Mpaka leo wanakuita Ushirikiano. Mimi sikuwaambia waache.

Kesi zilikuwepo nyingi. Hadija Mohamedi wawili siku moja, wote wa Chuno, mtaani kwangu, mmoja ana mzigo wa nguo za harusi na mwingine vifaa vya choo. Aliyepewa vya mwenzake akavifungulia mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza namba ya simu na jina la baba, na ukinuna nauliza na la babu.

Kisha yakaja haya mambo ya kuagiza kwa simu. Mtandao wenyewe haukuja Mtwara na basi, lakini mizigo yake yote ilikuja na basi. Mtu kaagiza viatu, vinafika vyote vya mguu wa kushoto. Gauni kwenye picha linafagia chini, likifika huku linaishia gotini, na bosi wa duka anasema mvaaji ndiye mrefu. Tukawa tunasuluhisha sisi, ambao hatukuuza wala hatukununua.

Na ndipo tukaanza kuona mizigo iliyoghairiwa. Mtu kaagiza, kachoka kusubiri, kaghairi, karudishiwa hela yake, halafu siku mbili tatu mzigo huo unashuka kwenye basi na jina lake kifuani. Wa kwanza kuniletea habari hiyo alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari. Ilikuwa feni.

"Mama, hii niliighairi. Hela walinirudishia."

"Basi si yako, mwalimu."

"Lakini ina jina langu."

"Hata kaburi litaandikwa jina lako. Wewe ndiye utakuwa umelinunua?"

Akacheka, ila mkono haukutoka kwenye boksi. Joto la Mtwara mnalijua. Akasema, "Sasa niirudishe Dar kwa nauli yangu, wakati kosa ni lao?"

Hapo alikuwa na haki, nikamwambia. Nauli ya kurudisha si yako. Kutuma kitu kilichoghairiwa ni kosa la mwenye duka, na gharama za kosa hilo ni zake. Wewe una kazi mbili tu: usiifungue, na usinyamaze. Wapigie, waambie feni yao iko stendi ya Mtwara, walipie irudi, au muelewane upya uinunue. Mwalimu akapiga palepale. Wenye duka wakalipa, feni ikarudi na basi la asubuhi.

Habari ikatembea. Watu wakaanza kuja kuniuliza hata mambo ya maduka ya mjini. Madereva wa bajaji wakaiita sheria ya Bi Siwema: usifungue, usinyamaze. Nami nikavimba kidogo, sitaficha. Nilikuwa nikiona mtu anakuja na simu mkononi nakaa sawasawa kwenye kiti kama hakimu, sina joho tu.

Sasa niwaeleze la mwaka jana, wiki chache kabla sijastaafu. Wengine mmelisikia nusu nusu, na nusu yenyewe kaisema Anjela.

Tulikuwa tunamtoa mwali, mjukuu wangu mdogo, mdogo wake Shamila. Mnajua siku ya kumtoa mwali kwetu: wageni wanatoka mpaka vijijini, na mgeni wa ngoma hali wali mkavu. Ni nazi. Na bega langu la kulia, kwa maboksi ya miaka ishirini na sita, likikaa kwenye mbuzi ya nazi linalia kabla ya nazi yenyewe. Shamila akanionyesha kwenye simu mashine ya kukunia nazi, ya umeme. Unashika kifuu, meno yake yanazunguka, machicha yanadondoka kama yameitwa. Nikasema, "Agiza." Akalipa kwa simu yake.

Walisema siku nne. Zikapita kumi. Duka halipokei simu. Ngoma imebaki siku tano, nikasema ghairi. Shamila akabonyeza, jioni hela ikarudi, mimi nikaongezea mchele. Nikawaambia wanawake wa Chuno, haya, mbuzi zenu za nazi njooni nazo.

Alhamisi asubuhi nikafungua stoo. Juu ya mizigo ya jana yake kulikuwa na boksi, limeandikwa Siwema Selemani, Mtwara, na picha ya nazi iliyokatwa nusu.

Anjela alikuwa hajafika. Nililitazama lile boksi, nalo likanitazama. Nikajua la kufanya, maana nilikuwa nalisema kila wiki. Nikasema nimsubiri Anjela nitoke nje. Halafu nikafikiria: nikishasimama kule nje, nitasema mbele ya watu kwamba hiki nilikighairi, kirudi. Kirudi, na Jumamosi nina nazi themanini. Nikajiambia nitapiga simu Jumatatu, ngoma ikishapita, tutaelewana. Nikashika kalamu, nikatia saini kwenye Aliyetoa. Nikahamisha mkono kidogo kulia, nikatia saini kwenye Aliyepokea. Boksi likaenda Chuno kwa bajaji.

Nilimsimulia jirani yangu Bi Zuhura, nikitaka aniambie nisiifungue. Bi Zuhura hakuwa mtu sahihi wa kumtaka hivyo.

"Hela wamekurudishia?"

"Wamenirudishia."

"Na mashine imekuja?"

"Imekuja."

"Dada, riziki ya watu wengine huwa inatembea kwa miguu. Yako imepanda basi. Utaikatalia?"

"Si riziki, Zuhura. Ni amana ya mtu."

"Basi itunze amana huku inakuna."

Ikafanya kazi. Jumamosi uani kwangu wanawake waliacha mbuzi zao wakaja kutazama. Nazi themanini kabla jua halijakuwa kali. Mmoja akasema Bi Siwema kawa Mzungu. Nikakaa kwenye mkeka nikinywa chai, bega limepumzika, nikipokea sifa.

Jumatatu, kabla sijaipiga ile simu niliyojiahidi, simu ya ofisi ikalia. Nikapokea mimi.

"Shikamoo mama. Ni ofisi ya vifurushi Mtwara?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Mimi naitwa Neema, napiga kutoka Dar, dukani. Naulizia mzigo mmoja, mashine ya nazi, jina Siwema Selemani. Ulikuja huko?"

Akadhani simu imekatika, akaanza kusema haraka. Mzigo alikuwa ameufunga asubuhi ya siku niliyoghairi, ukaenda stendi kwa bodaboda, mchana ndipo akaambiwa umeghairiwa. Risiti ya basi ilibaki kwa yule bodaboda, na bodaboda hapatikani. Namba ya mteja kaipiga tangu juzi haipatikani. Hiyo ni ya Shamila, alikuwa zamu wodini. Sasa bosi wake kahesabu mali. Kwenye maandishi mashine haikuuzwa, imeghairiwa. Kwenye rafu haipo. Na aliyeishika mara ya mwisho ni Neema.

"Kaniita mwizi, mama. Mbele ya wenzangu wote. Kasema mpaka saa kumi leo, iwe imeonekana au nisirudi tena. Nikipata mtu mmoja tu wa kusema ilifika huko."

Huyo mtu mmoja alikuwa ameshika simu. Na hapa nawaambia bila kupamba: nilichomjibu ni, "Ngoja niangalie, mwanangu." Niangalie nini, wakati nazi yake bado iko kwenye kucha zangu. Nikakata.

Anjela alikuwa amesikia jina. Akafungua daftari, kidole kikashuka mpaka Alhamisi, kikasimama.

"Mama, hizi saini mbili ni mapacha."

"Ni zangu."

"Zote?"

"Ungekuwa hujui kusoma ningeelewa swali hilo."

Hakucheka. Akasema, "Mkono unaotoa je?"

"Kanuni ipo palepale ilipo, Anjela. Aliyeondoka ni mimi."

Nikamweleza habari za Neema. Ili aamini, bosi yule angetaka kuona daftari. Na daftari likipigwa picha likienda Dar, nakala ingefika pia kwa meneja wetu, maana picha ya daftari haitoki bila yeye kujua. Nilikuwa nimebakiza wiki tano. Miaka yote ile sijawahi kupewa barua hata ya kuchelewa. Anjela akavuta kalamu. Akasema kwa sauti ya chini, kwa upole wake ule wa Bukoba:

"Hapa kwenye Aliyetoa naweza kufuta kidogo nikaweka yangu. Picha itaonyesha ilifika na imepokelewa. Neema anapona, na wewe unastaafu salama. Nani anadhurika?"

Msinifanye mtakatifu. Nilitazama ile kalamu muda mrefu. Ilikuwa njia nzuri, imepigwa lami. Ila binti mmoja kule alikuwa ameshaitwa mwizi kwa ajili ya ukimya wangu, nami niongeze wa pili huku awe mwongo kwa ajili ya jina langu?

"Anjela, ukiligusa daftari hilo nakukata kidole kwa kisu cha kamba."

"Nilikuwa nasaidia, mama."

"Najua. Weka kalamu. Lete simu yako, piga picha kama ilivyo."

Nilimpigia meneja kwanza. Akasikiliza, akauliza mara mbili kama ni mimi kweli, akasema tumeni. Baadaye aliniletea barua ya onyo, ukurasa mmoja, imeandikwa kwa adabu sana. Iko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti changu cha kustaafu, na mgeni akiomba kuona kimoja ninampa vyote.

Kisha nikapiga Dar, saa saba mchana. Nikamtaka bosi mwenyewe.

"Mimi ndiye Siwema Selemani," nikamwambia. "Mashine yako ilifika Alhamisi. Ninayo nyumbani. Mimi ndiye mtunza stoo, nikajipa mwenyewe, nikaitumia. Picha ya daftari imeshakuja kwenye simu yako. Binti yako hakuiba kitu."

Nadhani alikuwa anatafuta miwani, wote wenye mali wanatafuta miwani ukiwaambia ukweli. Halafu sauti ikalainika.

"Mama yangu, basi yaishe. Hata sisi tulikosea, tulituma kitu kilichoghairiwa. Wewe ni mtu mzima, baki nayo tu, zawadi."

"Zawadi ya nini? Kosa la kutuma ni lenu, na kama ningeiacha imefungwa mngeirudisha kwa nauli yenu, ndiyo haki yangu. Sikuiacha. Nimekuna nazi themanini. Haiuziki tena kuwa mpya, kwa hiyo nainunua kwa bei ileile ya kwenye picha. Mjukuu wangu anakutumia leo. Yuko chuo cha uuguzi."

"Sawa mama, kama unapenda hivyo."

"Bado. Neema ulimwita mwizi mbele ya nani?"

"Aaa, mama, hayo ni ya humu ndani."

"Ni ya humu ndani yaliyotokana na huku kwangu. Mbele ya nani?"

"Mbele ya wafanyakazi wenzake."

"Wapo?"

"Wapo."

"Fungulia spika."

Nilidhani atakata. Anjela huku amesimama pembeni yangu ameshika ukingo wa kaunta, na mteja mmoja wa Mikindani aliyefuata mzigo wake akaacha kuudai. Tukasikia viti vinasogea kule Dar. Bosi akakohoa, akasema, "Jamani, ile mashine ya nazi imepatikana, iko Mtwara."

"Hiyo ni habari ya mashine," nikasema. "Sema ya mtu."

Akakohoa tena. "Neema hakuiba. Nilimkosea. Neema, samahani."

Haikuwa ndefu, wala sauti haikuwa kubwa, ila ilisemwa palepale lilipotokea lile neno la kwanza, na sikuhitaji zaidi. Nikasikia watu wanaguna, mmoja anapiga makofi mawili halafu anaacha. Nikaomba nipewe Neema mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Nilimnyima jibu asubuhi nzima, na alikuwa na haki ya kunitolea maneno.

"Mwanangu, nisamehe na mimi," nikasema. "Asubuhi nilikwambia naangalia, sikuwa naangalia kitu. Nilikuwa naogopa."

Nikamsikia anavuta kamasi, halafu kama anacheka.

"Nimekusamehe, bibi. Ila siku nyingine ukighairi kitu, kighairi na moyoni."

Kule dukani wakacheka wote, na bosi wao nadhani naye, na huku yule mteja wa Mikindani akaegemea boksi la watu akicheka.

"Nilijaribu, mjukuu wangu," nikamjibu. "Tatizo inakuna vizuri mno."